Aliyeitika Jina la Protasi

Mwezi wa kwanza mwaka sabini na tisa, petroli yote ilipokuwa inakwenda vitani na sukari haijulikani imekwenda wapi, kijiwe cha njia panda ya Nyakanazi kilikuwa hakijapungukiwa na kitu kimoja tu, nacho ni maneno. Gogo la kukalia lilikuwa pale pale mbele ya kituo cha mafuta kilichofungwa, na Mama Felisita aliuza kahawa chungu kwa watu waliokuwa na muda mwingi kuliko kazi. Alasiri ile Protasi alikalia ncha ya gogo, kikombe mkononi, moyo hautulii. Siku hiyo kesi yake ilikuwa inatajwa mahakamani Biharamulo, na yeye hakwenda. Alikuwa amemtuma mdogo wake Bizimana akaitike jina kwa niaba yake.

Tusimcheke haraka. Kesi yenyewe ilikuwa ya moto. Alichoma majani shambani kwake, upepo ukageuka, moto ukala mihogo ya kijiji. Akapewa dhamana, akaambiwa afike kila kesi inapotajwa. Mara tatu alitembea siku nzima, akaitwa jina, akasema yupo, akapangiwa tarehe nyingine, akarudi na malengelenge. Safari ya nne maharage yalikuwa yamekauka shambani na mawingu ya mvua yametanda. Ndipo alipokumbuka shamba la ujamaa. Pale katibu akisoma majina asubuhi, ndugu yako anaitika, anainua jembe lako, na daftari linaandika umefika. Katibu anahesabu majembe, nyuso hana habari nazo. Kwa hesabu za Protasi, shamba la ujamaa na mahakama vyote ni vya serikali ile ile.

— Acha kutetemesha gogo, alisema Mzee Ansbert. — Siku ya kutajwa si siku ya kesi.

Huyu Ansbert walimwita Mzee wa Baraza, kwa kuwa aliwahi kuwa mzee wa baraza kwenye mahakama ya mwanzo kwa miezi miwili, kabla hawajamwondoa kwa kusinzia.

— Kwa hiyo si lazima mshtakiwa awepo? aliuliza Protasi.

— Siku ya kutajwa hata hakimu si lazima awepo.

— Sasa nani anaitaja?

— Karani.

— Na karani asipokuwepo?

— Basi inajitaja.

Renatus alitikisa kichwa. Yeye jina lake la kijiweni lilikuwa Redio.

— Mzee wa Baraza unampoteza mwenzio. Tangu vita vianze kesi zote zimesimama. Hakimu gani ahangaike na mihogo wakati vijana wetu wako mpakani?

— Umesikia wapi? aliuliza Protasi.

— Redioni.

— Redio yako haina betri tangu Krismasi, alisema Mama Felisita.

— Nilisikia kabla ya Krismasi.

— Vita havisimamishi kesi, alisema Ansbert. — Vinachofanya ni hivi. Mshtakiwa akiwa vitani, anahesabika yuko mahakamani, maana huko nako ni serikalini.

— Lakini mimi siko vitani, Mzee.

— Mihogo ya kijiji ulilima?

— Nililima.

— Si ndiyo ile iliyopelekwa kwa askari?

— Ile ambayo haikuungua, alisema Mama Felisita.

— Hiyo hiyo. Basi nusu yako iko vitani.

Protasi alitaka sana kuamini. Alijipima, akashindwa kujua ni nusu ipi.

— Kwa hiyo si lazima niende?

— Si lazima.

— Basi Bizimana nimemsumbua bure.

— La. Mtu lazima aende.

— Sasa, Mzee, lazima au si lazima?

— Lazima mtu aende, alisema Ansbert taratibu, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. — Si lazima awe wewe.

— Mimi naona angepeleka koti tu, alisema Redio. — Koti likilazwa kwenye benchi, nani atasema mwenyewe hayupo?

Walikuwa wameanza kubishana kama koti lafaa kuwa na vifungo vyote, ndipo Nimpaye, mke wa Bizimana, alipotokea upande wa sokoni na kifurushi kichwani, anahema.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

— Shemeji, alisema bila kumtazama Protasi usoni. — Kuna lori limefika sasa hivi kutoka bomani Biharamulo. Dereva anasema Protasi wa kesi ya moto amewekwa ndani.

Wote walimgeukia Protasi. Yeye mwenyewe alijitazama magoti.

— Nimewekwa ndani kwa nini? aliuliza.

— Karani aliuliza mdhamini wako ni nani. Mume wangu akamtaja balozi wetu wa nyumba kumi.

— Mdhamini wangu ni mjomba wangu wa kule Kirushya.

— Yeye atajuaje? Hakimu amesema mtu asiyemjua mdhamini wake hana dhamana. Akaifuta.

Protasi alihisi aibu imempanda mpaka masikioni. Alimpa mdogo wake koti, karatasi na nauli, endapo angebahatika kupata lori, na habari ya mjomba haikumpitia kichwani, kwa sababu kwenye shamba la ujamaa hakuna aliyewahi kuulizwa mdhamini.

— Hapo mambo yamenyooka, alisema Ansbert. — Daftari la serikali linasema Protasi yuko ndani. Basi wewe uliye nje ni Bizimana.

— Na Bizimana hana kesi, alisema Redio. — Umeshapona, ndugu.

Nimpaye aliwaacha wamalize. Alishusha kifurushi, akakishika kwa mikono miwili.

— Wazee wangu, mimi sikusoma. Nauliza moja tu. Hiki ni chakula cha mume wangu. Nikifika pale mlangoni, niseme nimemletea nani?

— Useme Bizi..., alianza Ansbert.

— Useme Prota..., alisema Redio, naye akaishia hapo.

Mama Felisita alianza kukusanya vikombe, hata vile ambavyo havijaisha.

Protasi aliinuka. Akampokea shemeji yake kile kifurushi, bado kina joto la ndizi, akaifuata barabara ya Biharamulo kwa miguu. Njiani alijizoeza maneno ya kumwambia hakimu. Mimi ndiye Protasi, alisema. Akarudia kwa sauti zaidi, mimi ndiye Protasi, na kila aliporudia aliona kama anadanganya.