Treni ya Dereva Haizimwi

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Kama una chungu jikoni, punguza moto. Leo tunamkumbuka mama mmoja, fundi cherehani, ambaye mtaa mzima ulimwita Dereva. Gari hakuwahi kuendesha. Hata baiskeli ilimwangusha mtaroni. Aliitwa Dereva kwa sababu ya treni, na treni yenyewe ilikuwa ndani ya televisheni.

Dereva hatunaye. Alifia hospitalini, umeme ulipokatika. Narudia, maana wapo wanaotaka tusahau. Umeme ulikatika, mashine ya hewa ikanyamaza, jenereta likabaki limefungiwa chumbani. Tutafika huko. Kwanza tuanze na alivyoishi, kwa sababu mtu si kifo chake.

Dereva alipenda gemu. Wengine hupenda mpira, wengine umbea, wengine viti vya mbele kwenye mikutano. Yeye alipenda gemu za kwenye tivii tangu msichana. Nyuma ya kinyozi mmoja palikuwa na chumba cha gemu, na mwenye chumba alikuwa na sheria yake: wasichana wanasubiri nje. Lakini pazia la mlangoni lilikuwa limechanika. Dereva akaja na sindano. Akajitolea kulishona bure, na akalishona akiwa amekaa upande wa ndani, macho kwenye tivii. Pazia lile lilishonwa kwa muda ambao mwingine angemaliza suti ya bwana harusi. Lilipokamilika, alikwishajua kila shimo na kila adui wa gemu lile.

Dada yake mkubwa anakumbuka siku alipotumwa kumfuata. "Nilimkuta ana sindano mdomoni na kidude cha gemu mkononi. Wanaume wazima wamemzunguka, wanapiga kelele, 'Ruka! Ruka!' Nikamshika sikio. Akaniambia, 'Dada, nivute polepole, nimebakiza uhai mmoja tu.'"

Dada huyo hakuzipenda gemu. Alisema ni ujinga, mtu mzima kupigana na vikatuni. Alisema hivyo miaka na miaka. Mkumbukeni dada huyu, wasikilizaji wapendwa. Atarudi.

Dereva akaolewa na fundi wa kuchomelea mageti. Siku aliyohamia alikuja na begi la nguo na kitu kizito kilichofungwa kwenye shuka. "Nikadhani pasi," anasema mumewe. "Nikamshukuru Mungu, shati zangu zimepata mwenyewe. Kufungua, naona nyaya."

Nyaya zile zikazaa. Wakafikia mashine tatu. Ya kwanza ni kuukuu, ya kaseti, ile ambayo ukitaka ikubali unaitoa kaseti unaipuliza kama moto wa mkaa. Hiyo aliiita Bibi. Ya pili, ya diski, ni Mjomba. Ya tatu ni Kitindamimba. Na kwa kuwa alikuwa fundi cherehani, kila mashine ilikuwa na nguo yake, iliyoshonwa kwa vipande vya sare za shule, yenye dirisha la wavu ubavuni. Dereva alikuwa na pumu. Alisema, "Usimzibe Mjomba. Naye anapumua kama mimi."

Gemu la treni lilikuwa la Mjomba. Lilichezwa na watu wawili. Mmoja anaendesha, anachagua njia, anaongeza mwendo. Mwenzake kazi yake ni breki tu. Vile vidude vya vitufe wao waliviita usukani. Mke ana usukani wake, mume ana wake, na wa mume ulikuwa na kitufe kimoja tu kilichokuwa kizima. Hakulalamika. Jioni akirudi kazini, macho mekundu kwa cheche, anakaa kwenye kigoda karibu na cherehani na mkewe anamwambia, "Wewe breki, mimi njia." Hivyo ndivyo walivyoishi pia nje ya gemu. Mke akitaka kununua kitambaa cha ghafla, mume alisema tu, "Breki, Dereva." Wakacheka, na kitambaa kikanunuliwa.

Sasa sikilizeni jambo hili vizuri. Safari ya treni ile ni ndefu. Milima, majangwa, vituo visivyohesabika. Mchezaji huhifadhi alipofikia kwenye kadi ndogo, ili kesho aendelee. Siku moja umeme uliondoka mtaani, ukarudi kwa hasira, ukaunguza sehemu ya kadi kwenye Mjomba. Dereva akabeba mashine hadi ofisi ya umeme. Kijana wa dirishani akaita wenzake waje waone. "Mama, shirika zima likuombe msamaha kwa ajili ya michezo ya watoto?" Wakacheka. Wana viyoyozi, wana viti vya kuzunguka, wanacheka.

Dereva hakumchekea mtu. Alirudi nyumbani akasema, "Kama haiwezi kukumbuka, basi haitalala." Kuanzia siku ile Mjomba hakuzimwa. Walizima tivii tu. Mashine iliachwa inawaka, treni imesimama palepale ilipofika, na mama akashona kitambaa chekundu chenye maandishi ya uzi mweupe, USIZIME, akakifunga kwenye plagi. Na kwa kuwa umeme wetu mnaujua, mume akatafuta betri ya lori iliyochoka pamoja na inveta, kile kidude cha kugeuza nguvu ya betri iwe umeme wa nyumbani. Betri ikipungua, inveta hulia kama kifaranga kilichopotea. Umeme ukirudi, betri inajaa tena. Watu wakacheka tena. Eti betri ya lori inalinda mchezo. Waache wacheke.

Siku yenyewe walikuwa wamefika kipande cha mwisho. Mbele kuna taa nyekundu. Baada ya taa kuna daraja, mteremko, kisha kituo kikuu, mwisho wa reli. Walikuwa hawajawahi kufika pale. Dereva akaanza kukohoa. Mume akabonyeza breki, treni ikasimama kwenye taa. Akamtazama mkewe. Midomo ilikuwa imebadilika rangi.

"Usizime," Dereva akasema. "Nikirudi, tunamalizia."

Hayo aliyasema mlangoni, ameshikiliwa mkono.

Hospitalini wakamweka kwenye mashine ya hewa, ile inayotumia umeme. Akapata nafuu. Tena nafuu ya kweli, maana alianza utani. Alimuuliza muuguzi, "Hii ina gemu gani ndani?" Muuguzi akacheka. Mume akakaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kupanga jinsi watakavyorudi nyumbani.

Umeme ukakatika.

Mashine ikapiga mlio mmoja ikanyamaza. Feni ya darini ikazunguka kwa uvivu, ikasimama. Muuguzi hakungoja. Alitoka mbio huku akipaza sauti, "Jenereta! Washeni jenereta!" Mume akamfuata. Nyuma ya jengo kuna chumba kidogo chenye mlango wa chuma na kufuli kubwa. Mlinzi amesimama mbele yake.

"Ufunguo," muuguzi akasema.

"Anao mkubwa," mlinzi akajibu. "Yuko semina."

"Mpigie!"

"Nimepiga. Amezima simu. Semina hairuhusu simu."

Mnajua semina ilihusu nini? Huduma bora. Sitanii, wasikilizaji wapendwa. Mkubwa alikuwa ameketi penye maji ya chupa anafundishwa huduma bora, na ufunguo uko mfukoni mwake.

"Nipishe," mume akamwambia mlinzi. "Kazi yangu ni milango."

"Mzee, hii ni mali ya umma."

"Na aliye kitandani ni wa nani?"

Mlinzi akasogea, na tumpe haki yake, akamsaidia kutafuta chuma. Wakapata nondo kwenye kifusi. Mume akaingiza nondo kwenye komeo, akakandamiza kwa uzito wake wote. Halikukubali. Akakandamiza tena, ngozi ya viganja ikachubuka. Kutoka dirishani muuguzi mwingine anaita, "Haraka, baba! Haraka!" Komeo likalia, likapinda, likang'oka. Jenereta lilikuwa limejaa mafuta mpaka shingoni. Halikuwa na kasoro yoyote. Lilivutwa mara moja tu, likanguruma.

Taa zikawaka jengo zima. Mume akarudi anakimbia, nondo bado mkononi. Muuguzi alikuwa amesimama kando ya kitanda. Alikuwa ameshika mkono wa Dereva kwa mikono yake miwili.

Narudia kwa ajili ya waliochelewa kufungua redio. Jenereta lilikuwa zima. Mafuta yalikuwepo. Ufunguo ndio haukuwepo.

Mkubwa aliporudi alimwita mume ofisini. Si kumpa pole. Alimtaka aeleze habari za mlango. Mlango! Mume akamwonyesha viganja vyake, akatoka.

Alipofika nyumbani, mtaa mzima haukuwa na umeme. Akafungua mlango. Kwenye kona, chini ya nguo ya vipande vya sare, taa ndogo ya kijani ya Mjomba ilikuwa inawaka. Akakaa sakafuni. "Niliikasirikia ile taa," anasema. "Betri ya lori lililokufa imelinda treni ya mchezo. Hospitali nzima imeshindwa kumlinda mke wangu."

Umeme ulirudi kwa muda, betri ikapata kidogo. Ndugu wakajaa nyumbani. Na nyumba ya msiba, simu ni nyingi kuliko vikombe. Binamu mmoja akaja na chaja mkononi, anatafuta tundu. Akaona plagi ya Mjomba, akaushika ule waya.

"Usiguse!"

Mume hajawahi kupaza sauti vile. Binamu akauachia waya kama amemshika nyoka.

Dada mkubwa akasogea. "Shemeji," akasema polepole, "mwenyewe amekwenda. Zima hicho kitu upumzike."

"Alisema nisizime."

"Alisema akirudi. Harudi, shemeji."

Mume alikwenda kukaa kati ya watu na ile plagi.

Tulikuwa tumezika tayari tangazo lilipokuja. Lilisomwa hapa hapa kwenye redio hii: eneo lote litakosa umeme, mafundi wanabadilisha mitambo, wateja wavumilie. Hawakusema mpaka lini. Sisi huambiwa tuvumilie tu. Umeme ukaondoka kabla tangazo halijaisha. Na jioni kabla jua halijazama, watu wachache wakiwa wamebaki, inveta ikaanza kulia.

Mume aliijua sauti ile. Akafunua tivii, akaiwasha. Treni ilikuwa imesimama kwenye taa nyekundu, moshi mdogo ukipanda kutoka kwenye bomba lake, kama alivyoiacha. Akachukua usukani wake wenye kitufe kimoja. Usukani wa mkewe ulikuwa juu ya cherehani, na hakuna mkono wa kuushika. Yeye alijua breki tu. Maisha yake yote alijua breki tu.

Dada mkubwa alikuwa amesimama mlangoni. Akaangalia tivii, akaangalia inveta inayolia, akamwangalia shemeji yake. Akavua viatu, akaketi kwenye kiti cha cherehani.

"Nishike wapi?"

"Shemeji..."

"Nimekuuliza nishike wapi. Hicho kifaranga chako kinakufa."

"Hapa ni mwendo. Hapa njia. Nikiachia breki, taa itakuwa kijani. Usiogope."

"Nani anaogopa? Achia!"

Akaachia. Taa ikageuka kijani, treni ikasogea. Dada akabonyeza mwendo kwa vidole vyote, kama anaua kunguni. Daraja likaja, jembamba, mto uko chini mbali sana. Treni ikayumba.

"Kulia, shemeji! Kulia!"

"Ndiyo huku kulia!"

"Huko ni kushoto! Kulia ni mkono wa kijiko! Huku!"

Wakavuka. Binamu wa chaja alikuwa amesogea, naye hapumui. Mteremko ukaanza. Mwendo ukapanda, magurudumu yakatoa cheche. Inveta ikalia bila kupumzika. Picha ikafifia kidogo, ikarudi.

"Breki!" dada akapiga kelele.

"Bado."

"Breki, baba, tunakufa!"

"Bado! Nikishika mapema tunakwama, betri haitatufikisha."

Mume anasema kipindi kile hakuona treni. Alimsikia mkewe kwenye sikio lake la kushoto, upande aliozoea kukaa, akimwambia angoje, angoje, sasa. Akabonyeza. Akabonyeza kwa kiganja kile kile kilichochubuka, na hakuachia. Treni ikalalamika, ikateleza, ikapunguza, ikasimama. Kituo kikuu. Milango ikafunguka, na abiria wadogo wakaanza kushuka na mizigo yao, wanapunga mikono.

Dada mkubwa alikuwa analia waziwazi. "Kumbe ndiyo hivi," akasema. "Mdogo wangu, kumbe ndiyo hivi. Nilikuvuta sikio bure."

Kwenye tivii yakatokea maneno: unataka kuhifadhi safari? Hapakuwa na kadi ya kuhifadhia. Inveta imeanza kukata sauti. Binamu akasema, "Iache, itajizima yenyewe."

"Hapana," mume akasema. "Safari hii hawazimi wao."

Akafungua kile kitambaa chekundu, akakitia mfukoni. Akasubiri abiria wa mwisho ashuke. Kisha akanyoosha mkono akazima mwenyewe.

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa mume wa Dereva, fundi wetu wa mageti. Tunatoa pole kwa dada yake mkubwa, kwa binamu, na kwa wote walioketi kwenye kigoda kile wakafundishwa kupuliza kaseti. Pole pia kwa yule muuguzi aliyekimbia. Mkubwa wa semina simpi pole, maana hajasema amepoteza chochote zaidi ya mlango.

Nawaachia jambo moja la kutafakari. Kesho, au siku yoyote utakayopita kwenye hospitali ya karibu nawe, hata kama huumwi, zunguka nyuma ya jengo. Kitafute chumba cha jenereta. Mkute mlinzi, msalimie vizuri, halafu umuulize ufunguo anao nani. Akikujibu "mkubwa," muulize mkubwa yuko wapi. Usiondoke hapo mpaka umeuona ufunguo kwa macho yako.