Kazi ya Watu Wawili Mikononi mwa Straton

Ndugu waombolezaji, mimi ni Mugabo, shemeji yake marehemu, mume wa dada yake Béata, na familia imeniomba nisome maisha yake kwa utulivu. Nimejaribu, utulivu umenishinda, mtanisamehe.

Straton alizaliwa tarehe 12 Mei 1979 mjini Goma, mtoto wa tatu wa mzee Rutagengwa na mama Mukagatare, akaanza shule ya msingi huko huko mwaka 1986, familia ikarudi Gisenyi mwaka 1995, akamaliza sekondari hapa mwaka 2000, kisha akasomea Kigali uhandisi wa maji, umeme na hewa ndani ya majengo, akahitimu mwaka 2005.

Tarehe 6 Februari 2006 aliajiriwa katika ofisi moja ya usanifu hapa mjini, ambako mimi nilikuwa mchora ramani, yeye akipanga mabomba na kupiga hesabu zake, mimi nikichora kwenye kompyuta, na kwa miaka kumi na sita tuligombana karibu kila siku, kwani nilikuwa namrudishia karatasi zake nikimuuliza maji machafu ya choo hiki yatatokea wapi, naye ananiita mkaidi, kisha anasahihisha. Alimuoa Gatesi tarehe 8 Agosti 2009, Mungu akawajalia Belise na Cyiza, na huyo mkaidi ndiye aliyesimama shahidi wao kanisani.

Septemba 2022 mkurugenzi wetu, ambaye namuona amekaa mstari wa mbele, aliamua kwamba mhandisi anayejua kufikiri ajichoree mwenyewe, nikaambiwa nifungashe vitu vyangu, na Straton alikuwepo kwenye kikao hicho akanyamaza, jambo lililonikasirisha siku ile na linalonikasirisha hata leo mbele ya jeneza lake. Sisemi mhandisi asijue kuchora, Straton alichora vizuri kuliko mimi. Nasema kidole kimoja hakivunji chawa.

Machi 2024, akiwa na majengo matatu mkononi, akichora hata Jumapili baada ya misa, alipitisha bomba la maji machafu katikati ya boriti ya zege ya zahanati huko Nyamyumba, hapakuwa na mtu wa kumrudishia karatasi, mafundi wakagundua kosa zege likiwa limeshakauka, boriti ikavunjwa, naye akaandikiwa barua kwamba uzembe ni wake peke yake.

Tangu hapo presha yake haikushuka, tarehe 20 Mei mwaka huu akapata kiharusi akiwa mezani pake ofisini, akalazwa, akatutoka Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi. Mimi si daktari, sisemi barua ndiyo iliyomuua, lakini Gatesi aliikuta kwenye mfuko wa koti alilokwenda nalo hospitalini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kukesha nasi tangu Jumanne, na wafanyakazi wenzake waliokuja bila kuomba ruhusa. Nawe mkurugenzi, asante kwa maua, ila Gatesi hakuomba maua, anaomba barua ile ifutwe kwa maandishi na itoke kwenye faili la mumewe, kabla Belise, aliyekwisha kuchagua kazi ya baba yake, hajaenda kuomba kazi katika mji huu mdogo akaulizwa yeye ni binti wa nani.

Shemeji, bomba lile ningeliona. Pumzika wewe kwa amani, sisi bado.