Ile Picha Si Nakala

Macho hayana pazia, na masikio ndiyo kabisa. Mshonaji aliyekaa nyuma ya abiria wawili kwenye treni alijifanya amesinzia, asipitwe na neno.

Mbele yake mwanamume wa makamo alikuwa akizungumza na dada asiyemjua, ila wote walikuwa mafundi wa kompyuta, na mafundi hawakawii kuzoeana.

“Kazini wanataka seva zote ziishi ndani ya mashine moja, kila moja ijione iko peke yake,” alisema mwanamume. “Nikaona nijifunze nyumbani, nisiaibike. Nikatengeneza mashine kama hiyo, nikaihamishia humo kompyuta ya marehemu mke wangu, pamoja na hadithi alizojirekodi akimsomea mtoto. Nikaipiga picha ile mashine, ile picha ya kuhifadhi hali yake, ya kukurudisha nyuma ukikosea. Nikajiona niko salama, nikaifuta kompyuta ya zamani.”

Dada alishusha pumzi. “Kaka, ile picha si nakala. Inakaa kwenye diski ileile. Diski ikifa, na yenyewe imekwenda.”

“Imekufa jana.”

Mambo ya diski mshonaji hakuyaelewa. Kufa alikuelewa.

“Mwambie mtoto ukweli,” dada alisema.

“Mama yake keshamzika. Nimzikishe tena?”

“Atajua tu, na atajua ulimficha.”

“Huwa halali bila kumsikia. Jana nikamwambia mama sauti imemkauka.”

“Sasa kaka, huo uongo utaubeba mpaka lini?”

Treni ilisimama. Mwanamume aliinuka, akashika mlango.

“Mtoto alikwenda kuleta maji,” alisema. “Akaniambia nimpelekee mama yake.”