Kipande cha Kanga Mguuni: Maisha ya Hafidha binti Kitwana wa Zinga

Ndugu waombolezaji, marehemu dada yangu Hafidha alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 hapa Zinga, akasoma shule ya msingi hapahapa kuanzia 1972 hadi 1978, kisha sekondari Dar es Salaam, na mwaka 1986 akahitimu uuguzi, ingawa baba alitaka awe mwalimu, na sote tunajua nani alishinda.

Tarehe 6 Februari 1988 aliolewa na Bwana Haidar, wakajaliwa binti mmoja, Yasmini. Mwaka 2005 alisomea utoaji wa dawa za usingizi, akaajiriwa katika hospitali moja ya Dar es Salaam, akaapa kwamba mgonjwa aliyebadilishwa goti hatalia kwa maumivu mbele yake, akajifunza kuchoma sindano ya ganzi kwenye mshipa wa fahamu wa paja.

Tarehe 9 Agosti 2017, Mzee Jaysukh, mwenye duka la vitambaa Bagamoyo mjini, alibadilishwa goti, hakusikia maumivu hata chembe, akadhani amepona, akashuka kitandani peke yake, paja halina nguvu, akaanguka, mshono ukafumuka. Dada alimwambia kwamba hatasikia maumivu, hakumwambia kwamba mguu hautambeba. Aliandika taarifa mwenyewe, akajitaja jina, akaenda kumwomba radhi, na ilimuuma sana, nilimwona akilia.

Wenzake walimshauri aiache sindano hiyo. Hakukubali, kwani kosa si kosa, kosa kurudia kosa, akajifunza kuchoma chini zaidi, katikati ya paja, panapotia ganzi goti na kuliachia paja nguvu zake, na hata hivyo kila mgonjwa dada alimfunga kipande cha kanga mguuni, alama kwamba asishuke kitandani peke yake, hakifunguliwi mpaka mgonjwa auinue mguu mbele yake, wagonjwa wakimtania kwamba amewachumbia.

Novemba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini, akafariki jana, tarehe 3 Juni 2025, saa kumi jioni, mikononi mwa Yasmini, aliyemfuata katika uuguzi na ambaye sasa ndiye anayefunga vipande vile wodini.

Tunawashukuru madaktari, majirani wa Zinga na wafanyakazi wenzake. Mzee Jaysukh tumemwambia gari lipo, amekataa, anasema atamsindikiza hadi makaburini kwa miguu, kwa goti lile lile, kwa hiyo nawaomba wabeba jeneza leo wasiende mbio, tusimwache nyuma.

Pumzika, dada yangu, Mola akulaze mahali pema.