Jile Iliyokunywa Maji ya Ziwa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Msifuni hata kwa ajili yangu mimi, ninayesimama hapa mbele yenu.

Mnanijua, ninachaji simu za watu bandarini Baraka. Kampuni moja ya mtandaoni ilinipa kiungo cha kusambaza kwenye WhatsApp. Kila aliyenunua jile, lile vazi la kuokoa maisha majini, kupitia kiungo changu, mimi nilipata komisyo, sehemu kidogo ya bei. Sura za wenye kampuni sikuziona, hata mji wao sikuujua. Komisyo zilifika, nikasema Mungu amenikumbuka.

Ndugu zangu, niliijaribu! Niliingia ziwani na jile, nikaelea, nikapiga video. Lakini tunajijua: kitu kipya hatukivui nailoni kilichofungiwa dukani. Kiti, godoro, redio, nailoni inabaki mpaka ichakae yenyewe. Nami niliiacha juu ya jile. Kumbe kilichoelea ni hewa iliyofungiwa ndani ya nailoni.

Jirani yangu, Baba Feza, alinunua moja kwa safari zake za boti kwenda rasi ya Ubwari. Aliivaa sana, nailoni ikachanika. Siku ya upepo boti likapinduka. Alikuwa ameshika bidoni tupu, dumu la plastiki linaloelea, akamwachia mama mmoja asiyekuwa na kitu, maana yeye alikuwa na jile. Mama yule ndiye aliyetusimulia. Jile ilikunywa maji, ikamvuta chini.

Nilipasua yangu kwa kisu. Ndani, matambara! Nikaiandikia kampuni. Wakajibu kwa upole kwamba niseme marehemu alifunga kamba vibaya, nao wataniongezea komisyo. Ndugu zangu, nililifikiria jambo hilo. Nilikaa matangani nikila ugali wa msiba, na kiungo changu bado kilikuwa kinauza.

Ndipo mjane, Mama Feza, akaniuliza mbele ya wote: "Ile jile ulituuzisha ilikuwa muzuri? Ao bwana yangu ndiye hakujua kuivala?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Roho wa Bwana akaukaba pale pale. Nikasema: "Ilikuwa mubaya, mama. Yeye aliivala muzuri."

Nilitolewa nje kwa ngumi. Leo hakuna anayeniletea simu. Huo ndio wokovu wangu, haukuja na ngoma wala shangwe. Nilifuta kiungo, nikapita vijiji vya Ubwari nikizipasua jile mbele ya wenyewe. Wengine walinifukuza, wakidhani nawaonea wivu. Ziko zilizobaki huko, na zinanikosesha usingizi.

Mama Feza ameketi pale nyuma. Hajanisamehe, wala simharakishi. Namshukuru Yesu aliyeuzuia ulimi wangu, maana peke yangu ningesema uongo.

Wewe unayelipwa kusifu kitu usichokijua, acha leo, umtegemee Mungu, hata kama njaa itauma. Na wewe mwenye jile ile nyumbani, nakusihi, usivuke nayo kesho. Bwana ndiye atakushika. Ile haitakushika.