Bambo na Vipande Sita

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni. Leo tunamkumbuka mpimaji wa nafaka aliyefariki wiki iliyopita, na nawaambia mapema: sitampaka asali. Ghalani walimwita Bambo, kwa jina la kile chuma chenye ncha na mfereji alichochomea magunia ili punje chache zitoke, zikaguliwe. Miaka thelathini na mmoja, kazi yake ni hiyo. Akichoma, akatazama kiganjani, akasema safi, basi ni safi. Mnunuzi akirudi kulalamikia fukusi, Bambo alimjibu kwamba hao wamezaliwa njiani.

Kisha mkojo ukaanza kumsumbua. Kipimo cha damu cha tezi dume kikapanda. Daktari akamchukua vinyama kwa sindano, vipande sita. Sita tu, wapendwa. Majibu yakarudi: saratani haikuonekana. Daktari akamkabidhi karatasi, akaita mgonjwa mwingine.

Kitendawili. Nimechungulia nyumba kwa matundu sita, nikatangaza hamna mwizi. Mmeshindwa? Nipeni mji. Ni sindano ile. Mwizi alikuwa upande wa mbele wa tezi, ambako haikufika.

Baada ya miezi minne kipimo cha damu kilipanda tena. Mkewe akamsihi arudie kipimo. Bambo akaibandika karatasi ukutani, juu ya kabati la vyombo, amkomeshe. Mama wa watu akaisoma kwa kidole, neno kwa neno.

"Baba watoto, hapa wameandika haikuonekana. Hawakuandika haipo."

"Nimeshapimwa. Unataka nitobolewe kama gunia?"

"Kwani gunia unalichoma mara ngapi?"

"Mara moja. Anayejua kazi harudii."

"Basi na wale fukusi walizaliwa njiani kweli?"

 Bambo akikubali kurudia, amekiri kwamba bambo huweza kupita kando ya fukusi, na miaka yake yote thelathini na mmoja inaanza kunuka. Akachukua kofia, akaenda kazini. Wiki mbili sahani ziliwekwa mezani kwa kishindo.

Alirudi hospitali mwaka mmoja baadaye, ngazi zimemshinda. Safari hii walimpiga picha kwanza, wakaielekeza sindano upande wa mbele. Saratani ilikuwepo, na ilishaingia mifupani. Daktari yuleyule akauliza kwa nini wamechelewa.

"Wewe ndiye uliyempa cheti cha kuchelewa," mkewe akamjibu.

Poleni wanawe. Poleni wa ghalani. Wanaume mnaonisikiliza, kipimo cha damu kikizidi kupanda msijifiche nyuma ya karatasi. Ulizeni wamechukua vipande vingapi, na upande gani. Nanyi madaktari, mkisema mlichokiona, semeni pia ambako hamkufika.

Asubuhi nilimpigia simu mjane, nimuulize tumseme vipi marehemu.

"Msiseme alikuwa mpole," akaniambia. "Alikuwa mbishi. Na mimi nilimtaka hai, na ubishi wake."

Mama, tumesema kama ulivyotutuma.