Nyimbo za Maisha ya Mama, Upande Huu wa Ubao

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, mgeni wetu rasmi. Mzee mwenye nyumba hii, ambaye pia ndiye mwenye ubao huu wa plaiwudi unaoigawa. Mwalimu wangu wa Kiswahili, uliyenifundisha kusimama wima na kutotafuna maneno. Bibi, mzazi wa mama yangu, uliyekataa kukaa upande wowote na kwa hiyo umewekewa kiti barabarani. Ndugu wateja, mliochukua nguo zenu na mnaoendelea kuzisubiri. Na wewe Mama Mdogo, uliye nyuma ya ubao huu, ambaye kadi yako ya mwaliko, nimeambiwa, ilipotea njiani, ingawa njia yenyewe ni ya kunyoosha mkono tu: nawasalimu nyote kwa heshima.

Tumekusanyika kufungua duka jipya la ushonaji la mama yangu. Nimefundishwa kwamba hotuba nzuri husema ukweli mapema, kwa hiyo naomba niseme kwamba duka hili si jipya. Lilikuwepo kabla sijazaliwa. Kilicho kipya ni ubao, pamoja na maandishi ya mlangoni, ambayo zamani yalisomeka "Mafundi Dada Wawili" na sasa neno la mwisho limepakwa rangi, yakabaki "Mafundi Dada". Mama anasema ni jina zuri. Hatujamuuliza dada wa nani.

Wengi mnaijua sababu, na asiyeijua anaweza kuiona kwenye picha za harusi ya binti wa duka la dawa. Gauni lake lilishonwa na mafundi wawili kwa siku moja. Mama alishona mkono wa kulia redio ikipiga wimbo wa taratibu. Kisha Mama Mdogo akabadilisha stesheni, akashona mkono wa kushoto kwa wimbo wa kucheza. Mkono wa kulia ulifika kwenye kiganja. Wa kushoto uliishia kwenye kiwiko. Bibi harusi alishinda siku nzima amekunja mkono mmoja kifuani, na wageni wakamsifu kwa unyenyekevu.

"Redio yako imeniharibia jina," Mama alisema.

"Jina lenyewe lilikuwa refu upande mmoja," Mama Mdogo akajibu.

Basi yakawa hayo. Hapa naomba nimpongeze Mzee mwenye nyumba kwa wepesi wake. Habari za bomba letu linalovuja alipelekewa mwaka juzi, na bado anazitafakari. Lakini ubao aliuleta jioni ile ile, yeye mwenyewe, na misumari mdomoni.

Wiki chache baadaye Mama akaniita. "Wewe ndiye msomi wa nyumba hii. Nichagulie nyimbo za maisha yangu, tangu utoto mpaka leo, zipigwe siku ya ufunguzi watu wanijue. Ila za mama yako mdogo usiweke."

Nikadhani ni kazi nyepesi. Je, maisha ya mtu si yake mwenyewe? Nikakaa naye, yeye akishona pindo la suruali, mimi nikitafuta nyimbo kwenye simu.

"Mama, wimbo wa siku niliyozaliwa ni upi?"

"Ule wa mwanamke anayemsubiri mumewe kituoni. Ndio ulikuwa ukiimbwa wodini."

"Wodini kulikuwa na redio?"

"Redio itoke wapi? Uliimbwa kwa mdomo."

"Na nani?"

"Chagua wimbo, mwanangu. Usinihoji kama askari."

"Haya. Na wa siku mlipopata cherehani ya pili?"

"Ule wa mvua. Tulicheza mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa."

"Mlicheza? Wewe na nani?"

"Mimi na cherehani."

Ndugu wageni, tulikwenda hivyo siku kadhaa. Katika kila wimbo alikuwemo mtu yule yule, ambaye Mama alimtaja kwa majina kama "mtu mmoja", "yule" na "wengine". Na kulikuwa na tatizo kubwa zaidi. Nilipomwomba aniimbie kidogo ili niutambue wimbo, aliimba kiitikio tu. Wimbo wa pili, kiitikio tu. Wa tano, hivyo hivyo.

"Na beti zake, Mama?"

"Beti si kazi yangu."

Nikaenda kwa Bibi, kwa sababu Bibi hafichi kitu. Anachokijua yeye hukijua mtaa mzima. Akaniambia: "Nilikuwa na watoto wawili na cherehani moja. Nikawawekea sheria. Anayekanyaga cherehani aimbe ubeti, anayekata nyuzi aitikie. Mimi nipo jikoni na vyungu vyangu. Nikisikia ubeti haujaitikiwa, najua kuna mtu kalala, naenda kumwamsha."

"Nani alikuwa anakanyaga?"

"Mdogo. Yule ana haraka tangu tumboni, alizaliwa mkunga bado anavua viatu. Mama yako nikampa nyuzi kwa kuwa ana macho."

Hivyo ndivyo walivyokua. Mmoja alibeba beti zote, mwenzake viitikio vyote, na hakuna aliyejisumbua kujifunza sehemu ya mwenziwe. Kwani mtu hujifunza kubeba mzigo ambao tayari una mbebaji?

Naona cherehani ya upande wa pili, iliyokuwa ikinguruma tangu nianze, imesimama. Nitasema polepole zaidi.

Tangu ubao uwekwe, dada hawa hawajasalimiana. Lakini mteja mmoja, dereva wa lori, alikaa hapa akisubiri zipu, akatusifu kwa kuwa na redio yenye sauti safi namna hii. Redio ilikuwa imezimwa. Ubeti ulitoka kule, Mama akaitikia hapa, mkasi mkononi, macho kwenye nyuzi, na wimbo ukaisha bila kukosea hata mahali pamoja. Nilipomuuliza, Mama alisema alikuwa anakohoa. Mama Mdogo naye nilimuuliza. Alisema alikuwa anajaribu kama ubao unazuia sauti.

Mheshimiwa Mwenyekiti, muda si mrefu utakata utepe, na ukishaukata jambo hili litakuwa rasmi. Yatakuwa maduka mawili, na mimi nikitoka shule nitalazimika kuchagua mlango. Meza yangu ya kusomea ilikuwa pale pale uliposimama ubao. Nilijifunza kusoma nikiwa katikati ya cherehani mbili, na nilipokwama kwenye hesabu, mmoja alinieleza na mwingine akamsahihisha. Sikuwahi kuambiwa ni mtoto wa upande gani. Sitaki kuambiwa leo, tena mbele ya wageni.

Nyimbo nilizochagua zimo kwenye spika, na mtazisikia mkinywa soda. Umekosekana mmoja tu, wimbo wa siku ya leo. Nilimuuliza Mama jana anataka upi. Alikata uzi, akaukata tena mahali alipokwisha kuukata, kisha akasema, "Ule wa kwanza aliotufundisha Bibi yako. Huo hauhitaji spika."

Mama yuko tayari. Nimemwona akisafisha koo tangu asubuhi. Ila kiitikio hakianzishi wimbo, na mtu anayeitika kabla hajaitwa, sisi tulio hapa tungemwonea huruma. Wimbo wa leo hauwezi kuanzia upande huu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kwa heshima zote, naomba mkasi ubaki mezani kwanza. Mama Mdogo, ni ule wa msichana na kanga iliyopeperushwa na upepo. Ubeti wa kwanza. Huna haja ya kutoka nje kama hujawa tayari. Imba hapo hapo ulipo, ubao hauzuii kitu, uliujaribu mwenyewe.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Mimi nimemaliza. Sasa naomba mnisaidie kunyamaza.